Siku Tisa Nilizozitunga

Jumapili, katikati ya masika. Mvua imetishia tangu alfajiri, na mpaka sasa, saa nne asubuhi, haijaamua.

Kutoka dirisha langu hapa Kilakala naona mashamba ya chini, mapaa mawili matatu, halafu weupe unaanza. Milima yote imejifunika, kama mtu aliyevuta shuka mpaka kichwani akagoma kuamka. Nina chai inayopoa na mwili mzito wa Jumapili. Sina huzuni wala furaha. Niko pale katikati, ambapo mtu anasikiliza matone ya paa la jirani na kusahau kwamba anayasikiliza.

Kwenye blogu hii nimeandika habari za maua ya barazani, za mashelisheli ya kukaanga, za vitabu nilivyoviacha nusu. Leo nataka kuandika jambo ambalo wenzangu chuoni wameshalijua na ninyi hamlijui. Afadhali mlisikie kwangu.

Nilipika data.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara mbili. Sasa ikae.

Mimi ni mhadhiri. Ninafundisha mambo ya misitu na maji katika chuo kimoja hapa mkoani. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kijiji cha Kinole, kule juu mlimani, nikifuatilia swali dogo nililolipenda kuliko maswali yote ya maisha yangu: ukungu unapopita mlimani bila mvua kunyesha, majani hudondosha maji kiasi gani? Na je, miti ya msituni hudondosha mengi kuliko miti ya shambani?

Niliweka ndoo kumi chini ya miti ya msitu na nyingine kumi chini ya midalasini ya Mama Zuhura, mjane ambaye shamba lake limegusana na msitu kiasi kwamba matawi yanapishana. Nilipanga chumba nyumbani kwake. Kila asubuhi nilitoka na chupa yenye alama za vipimo, nikamimina maji ya kila ndoo, nikaandika, nikamwaga, nikairudisha ndoo mahali pake.

Sijui niwaeleze vipi zile asubuhi. Ukungu ulikuwa ukinijia usoni kama pumzi ya mtu. Nilikuwa nayasikia matone kabla ya kuona mti. Harufu ya mdalasini mbichi, udongo uliolowa, moshi wa jiko la Mama Zuhura ukitambaa chini chini kwa sababu hewa ilikuwa nzito mno kuubeba. Nilikuwa natembea nikiwa nusu macho, nusu ndotoni, na nilijihisi mkweli kuliko nilivyowahi kuwa mahali popote.

Ndiyo maana jambo lenyewe linanishangaza mpaka leo. Halikutokea mahali pabaya. Lilitokea mahali nilipopapenda.

Katikati ya msimu nikashikwa na malaria. Nikashushwa mjini kwa bodaboda, nimefungwa kanga kiunoni nisidondoke, nikalala kwangu siku tisa. Kabla ya kuondoka nilimwomba Mama Zuhura jambo moja tu, awe anamwaga maji kila asubuhi ili ndoo zisijae. Kwenye homa niliota ndoo. Nilizipita moja moja, nikainama, nikasoma kipimo, nikaandika. Za msituni zilikuwa zimejaa, za shambani zilikuwa na maji ya chini tu. Nilikuwa naamka nimelowa jasho, na kwa dakika kadhaa nilikuwa na hakika kwamba nimeshafanya kazi ya siku.

Nilipopona nikarudi juu. Kwenye jedwali langu kulikuwa na mistari tisa mitupu.

Ningeweza kuiacha mitupu. Ningeweza kuandika hivi: mtafiti alikuwa mgonjwa, vipimo vya siku hizi havipo. Hakuna mtu angekufa. Lakini jedwali lenye pengo lilinikera, na sura ya grafu nilishaijua kichwani. Nikakaa kitandani, nikaijaza mistari yote tisa. Msitu mengi, shamba machache. Niliongeza kidogo hapa, nikapunguza kidogo pale, ionekane kama ukungu wa kweli unavyobadilika. Nilijiambia ninakadiria. Mtu anayekadiria husema amekadiria. Mimi nilinyamaza.

Makala ikakubaliwa na jarida moja la nje. Kabla ya kuituma kulikuwa na fomu ya kuthibitisha kwamba takwimu zote ni za kweli na zimekusanywa kama ilivyoelezwa. Nikaweka alama ya vema. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mmoja wa wahakiki alinisifu kwa jambo moja hasa, kwamba katika msimu mzima hakuna hata siku moja iliyokosa kipimo.

Niliisoma sifa ile nikiwa nimesimama jikoni. Nikafunga simu, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Miaka ikapita. Mambo kama haya hayapigi kelele. Yanakaa tu, kama unyevu kwenye ukuta.

Wiki sita zilizopita, siku ya Jumanne, Mama Zuhura akanipigia. Sauti yake ina mlio wa Waluguru wa juu, inapanda mwishoni mwa sentensi hata asipouliza swali. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza afya, kazi, mama yangu. Kisha akasema, na nilisikia anatabasamu:

"Mwanangu, jina lako limesomwa kwenye mkutano wa kijiji. Kuna karatasi imeletwa na kamati ya maji, wamesema ni kazi yako. Nikawaambia huyo amelala kwangu, amekula ugali wangu."

Nikamwuliza karatasi inasema nini.

"Inasema mashamba yanayogusa msitu yanapunguza maji. Wanataka kutunga sheria ndogo, tulio kandokando turudi nyuma, pale pawe msitu. Ijumaa wanakaa tena." Kisha akaongeza: "Wataling'oa shamba langu, lakini kama ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyo. Wewe ulipima."

Wewe ulipima.

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Kesho yake nikaenda kwa Profesa. Sitamtaja jina, ameshapata aibu ya kutosha kwa ajili yangu. Ndiye aliyenisimamia shahada ya uzamili, na jina lake ni la pili kwenye makala. Nilimkuta ofisini akimenya chungwa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, yote, kwa sentensi fupi fupi. Akaacha kumenya.

"Siku tisa," akasema.

"Siku tisa, Profesa."

"Kati ya msimu mzima."

"Ndiyo."

Akaliweka chungwa juu ya gazeti, akajifuta vidole kimoja kimoja. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Asia, sikiliza. Tunaweza kupeleka sahihisho dogo. Tuseme kulitokea kosa wakati wa kuingiza takwimu. Zile siku tisa zinatoka, grafu inachorwa upya, basi. Faili lako la cheo linajadiliwa mwezi huu huu. Unalijua hilo?"

Nalijua. Nililingojea faili lile kama mtu anavyongoja mgeni wa Idi. Na nataka niwe mkweli hapa, maana hapa ndipo mahali pa kuwa mkweli: kwa muda fulani nilikubali. Kichwani nilishakubali. Nilishaona barua imeandikwa, nimeinuka, nimemshukuru.

"Halikuwa kosa la kuingiza," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Profesa, halikuwa kosa. Nilizitunga. Tukisema ni kosa tutakuwa tumetunga uongo wa kumi."

Akalikunja gazeti juu ya chungwa. "Nipe siku mbili," akasema.

Mimi sikuwa nazo. Alhamisi asubuhi nikapita Bigwa, nikapita Kiroka, kisha bodaboda ikaanza kupanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo barabara ilivyopungua. Mwishoni tulikuwa tunaendesha ndani ya wingu. Dereva alipiga honi kila kona, na honi ilirudi ikiwa laini, kana kwamba imefungwa pamba. Nilitamani tusifike. Nilitamani njia iendelee kupanda hivyo hivyo, nyeupe, mpaka nisahau nilichoendea.

Mama Zuhura alikuwa uani anakwangua magome ya mdalasini. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia.

Hakukatisha maneno yangu hata mara moja. Kisu chake kiliendelea kwenda, taratibu. Nilipomaliza akauliza:

"Siku zile ulizoumwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mimi nilipima."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nakuona kila siku unavyofanya. Ile chupa uliiacha. Nikasema, nikimwaga bure mtoto atarudi akute kazi imekatika. Nikapima, nikaandika." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lenye jalada lililokunjamana, lile analoandikia siku alizoanika magome na siku yalipokauka. Akanionyesha. Kurasa mbili. Ndoo ishirini, siku tisa, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na kutunza kila herufi aliyofundishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulirudi umekonda, ukaniuliza kama ndoo ziko salama. Nikasema ziko salama." Akaokota kisu chake. "Hukuuliza lingine."

Niliyapiga picha yale maandishi, nikayalinganisha pale pale kigodani na yangu niliyokuwa nayo kwenye simu. Yangu yalisema msitu ulidondosha zaidi ya mara mbili ya shamba. Yake yalisema kwamba siku hizo, chini ya midalasini mikubwa, maji yalikaribia kuwa sawa na ya msituni. Siku mbili yalizidi. Nilikuwa nimeota kile nilichotaka kukiona. Na yeye alikuwa ameamka mapema akaenda kuangalia.

Ijumaa nikasimama mbele ya mkutano, kwenye darasa la shule, huku ukungu ukiingia madirishani. Nikasema karatasi ile ina vipimo vya uongo, kwamba mwenye uongo ni mimi, na kwamba wasiitumie kumwondoa mtu yeyote. Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza, bila ukali, kama anayeuliza njia:

"Kwa hiyo ninyi wasomi mnatunga?"

"Mimi nilitunga," nikajibu. "Wengine siwezi kuwasemea."

Nilidhani hapo nimemaliza sehemu ngumu. Kisha akasimama mama mmoja wa upande wa chini, mtoto mgongoni, akasema mto wao hukauka kila kiangazi. "Hiyo hukuitunga wewe," akaniambia. "Tulikuwa tumepata karatasi ya kutusaidia. Sasa tunashika nini?"

Katika mawazo yangu yote ya usiku na mchana kuhusu jina langu, cheo changu, shamba la Mama Zuhura, yule mama wa chini hakuwamo. Nilikuwa nimempa kitu kibovu cha kushika, na sasa nakichukua, na mikono yake ni mitupu.

Sheria ikaahirishwa. Watu wakatoka mmoja mmoja.

Mama Zuhura hakunisindikiza. Kila nilipoondoka Kinole huko nyuma alinifungia kitu, ndizi, karafuu, fenesi nililolilalamikia uzito njia nzima. Ijumaa ile nilishuka mikono mitupu. Aliniaga vizuri, kwa adabu, kama anavyoaga mtu wa ofisini.

Hilo liliniuma kuliko mkutano.

Jumatatu Profesa akaniita. Barua ya kuomba makala iondolewe jaridani nilikuwa nimeshaiandika, bado sahihi yake. Akaisoma mara mbili.

"Nitasaini," akasema. "Lakini iandikwe wazi kwamba mimi sikujua."

Ni kweli, hakujua. Nikaongeza sentensi hiyo pale pale mezani kwake. Akasaini, akafunika kalamu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, akiwa anatazama nje:

"Sikuwahi kuomba kuona daftari lako. Miaka yote ile. Ningeliomba mara moja tu."

Sikujua kama ananilaumu au anajilaumu. Tangu siku hiyo tukipishana ukumbini tunasalimiana, na salamu inaishia hapo hapo.

Mhariri alijibu baada ya wiki mbili. Barua fupi, ya heshima. Makala imeondolewa. Haifutwi, inabaki pale pale, ila kila ukurasa una maneno mekundu yanayoeleza kwamba imeondolewa kwa ombi la waandishi, kwa sababu sehemu ya takwimu ilitungwa na mwandishi wa kwanza. Nimekwenda kuitazama. Nilidhani nitalia. Badala yake niliiangalia kama mtu anavyoangalia picha yake ya utotoni: huyu alikuwa mimi, nguo zile zilikuwa zangu.

Faili la cheo nililiomba mwenyewe lirudishwe. Kamati ya maadili ya chuo ikanihoji, ikanipa onyo la maandishi, na mwaka mzima siruhusiwi kusimamia wanafunzi wa uzamili. Wenzangu wengine wamekuwa wema kupita kiasi, wengine wamenyamaza. Mmoja alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba nimewaponza wote, kwamba sasa kila mtu ataulizwa daftari. Nikamwambia natumaini hivyo. Hakucheka.

Nalala vizuri. Hilo sikulitegemea. Nalala kama gogo, na ndoo sizioti tena.

Sasa jambo la jana.

Nimeanza kuiandika upya ile kazi. Siku zangu za kweli, na zile tisa za Mama Zuhura, nimeeleza wazi nani alipima nini na lini, na kwamba alipima bila mimi kuwepo. Sijui kama kuna jarida litaipokea. Mhariri amesema naweza kujaribu, hakuahidi. Kwenye makala ya kwanza nilimshukuru Mama Zuhura kwa maneno matatu, "wanakijiji wa Kinole". Safari hii nilitaka awe mwandishi, jina lake juu kabisa pamoja na langu. Nilijiona nina moyo mwema. Nikampigia kumwuliza majina yake kamili.

Hakuyataja.

"Imeandikwa nini humo?" akauliza.

Nikamweleza kwa kifupi.

"Hapana, sio kifupi. Yote."

"Mama, ni ndefu. Na ni Kiingereza."

"Basi utaigeuza. Uje unisomee mwanzo mpaka mwisho, na mimi niulize. Nikiridhika nitakupa majina yangu matatu. Nisiporidhika, hutaandika hata moja." Kisha, polepole kidogo: "Jina ni langu, Asia. Siwezi kuliweka juu ya kitu nisichokijua."

Mimi nimesoma miongozo yote ya maadili ya uchapishaji. Naifundisha. Nina slaidi zake. Nani anastahili kuwa mwandishi, nani anawajibika kwa kila kilichomo. Profesa aliweka jina lake juu ya ndoo zangu bila kuziona, na mimi nimeweka langu kwenye kazi za wengine mara mbili, nikiwa nimesoma muhtasari tu. Hilo nalo nimeliungama sasa, na nimeshawaandikia wenzangu hao.

Nilimwambia Mama Zuhura nitakwenda Jumanne. Akasema Jumanne ni sawa, nije na soda ya tangawizi. Sijui kama huo ni msamaha. Sitaki kuuharakisha kwa kuuita hivyo.

Leo asubuhi nimeanza kuigeuza kwa Kiswahili, kwa kalamu, kwenye karatasi za mistari. Aya ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaanza kunishinda. Nilifika kwenye sentensi moja ndefu, nzuri, ambayo kwa Kiingereza nilijivunia, nikatafuta namna ya kumwambia mtu aliyekaa kwenye kigoda, ananitazama. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile. Baada ya nusu saa nikaelewa kwamba haisemi kitu.

Nimeifuta, ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Zimebaki kurasa kumi na moja, na siku mbili kabla ya Jumanne.